Bamba la Shaba la Kata Kavu

Temeke, Jumapili, baada ya misa

Mtani wangu Mzee Mwinshehe,

Shikamoo. Naacha nafasi hapa ya marahaba yako, na nyingine ndogo ya tusi litakalofuata.

Najua ungeniuliza nini kwanza. "Mpagazi, leo umebeba nini?" Leo nimebeba habari, tena nzito. Jina lako limechongwa kwenye bamba la shaba, na bamba limepigiliwa kwenye lile jiwe kubwa pale njia itokayo stesheni ya Pugu inapoingia msituni, jiwe ulilokuwa ukikalia kukung'uta mchanga kwenye makubadhi. Nimeliona kwa macho yangu na kuligusa kwa mkono wangu. Suruali yangu nyeupe ina udongo mwekundu wa mahali pale mpaka leo. Mke wangu ameifua mara tatu na hautoki.

Usicheke bado. Nitakusimulia kwa mpangilio, maana daftari langu la tarehe liko hapa mezani, lile ulilokuwa ukiliita kitabu cha umbeya. "Andika, Mpagazi," ulikuwa ukisema kila nilipolitoa mfukoni, "andika na hili, kwamba Mzaramo kapiga chafya." Niliandika. Nimelitafuta asubuhi hii nikalipata: Jumatano, tarehe 9, Mzee Mwinshehe kapiga chafya mara mbili karibu na alama ya nne ya mpaka.

Lakini kabla ya furaha nianze na aibu yangu, kwa sababu bila hiyo hutaelewa ilikuwaje karani wa ofisi ya misitu, aliyesoma Tabora mpaka sekondari, alale chali mchana kweupe mbele ya Wazungu.

Siku ya maziko yako mvua ilikuwa imeacha saa ile ile. Kaburi lilikuwa tayari, watu wamejaa, na karibu wote walikuwa wakinitazama mimi. Walijua kazi yangu. Mzaramo hazikwi kimya kimya kama ana Mnyamwezi wake. Mtani hujitupa kaburini, akalala, akapiga kelele kwamba huyu ni mtumwa wangu, haingii mtu humu mpaka mmkomboe. Ndugu hubembeleza, hutoa nazi, hutoa kuku, mtani hukataa, na waliokuwa wakilia hujikuta wanacheka na machozi bado yako mashavuni. Babu zangu na babu zako wamezikana hivyo tangu siku za misafara, wangu waliposhuka pwani na mizigo na wako wakawapokea kwa matusi na chakula.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno yangu, niliyaandika kwenye treni. Kisha wakakuleta, nikaona miguu yako ilivyokuwa mirefu ndani ya sanda, na maneno yote yakanitoka. Nikasimama ukingoni nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Nikasikia mtu nyuma yangu, "Mnyamwezi gani huyu?" Mwingine akamjibu, "Wa shule."

Mkeo Bi Mwanahawa hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Nilipompa mkono wa pole alinitazama tu, akasema, "Umeniacha nimzike mwenzangu kama mtu asiyekuwa na mtani." Niliandika maneno hayo siku ile na chini yake sikuandika kitu.

Nami sikuwa na udhuru, kwa sababu wewe hukunionea haya hata siku ya kwanza. Nilishuka stesheni na kofia mpya ya jua, wino na kalamu, nimetumwa kuandika miti ya mpakani. Ukanitazama kutoka juu mpaka chini. "Kabila gani we?" Nikasema Mnyamwezi. Ulinivua kofia, ukaitundika kwenye tawi nisilolifikia, ukawaita wanawake waliokuwa wakipita: "Njooni muone, mtumwa wangu kafika! Babu yake alimbebea babu yangu mkeka na usingizi wake ndani!" Niliandika miti kichwa wazi siku nzima. Jioni, treni imeshapiga honi, ukanirudishia kofia ikiwa na mayai manne ndani. "Mpelekee mkeo. Mwambie Mzaramo kakuonea huruma kuolewa na huyu."

Na ni siku hiyo hiyo uliponifundisha kugonga. Uligeuza panga, ukagonga kwa mgongo wake tawi lililoanguka: ko! Ukagonga tawi lililo hai: du. "Umesikia? Kavu huitika. Mbichi hunyamaza, maana bado ana kazi." Halafu ukaniambia sheria yako yote, ambayo ilikuwa fupi kuliko sheria yoyote niliyopata kuipiga chapa ofisini: kata kavu, acha mbichi.

Kabla yako askari wa msitu alikuwa mtu wa kunyang'anya. Mwanamke akikutwa na mzigo wa kuni, panga linachukuliwa, naye anapelekwa barazani kwa jumbe. Kwa hiyo walikata kwa kuiba, na mwizi hachagui, hukata kilicho karibu akakimbia. Wewe uliufungua msitu siku mbili kwa juma, Jumatatu na Alhamisi. Ukakaa juu ya jiwe lako, na kila mzigo ukapita mbele ya panga lako. Ko, ko, ko, pita mama. Ko, ko, du, na hapo stesheni nzima ingekusikia ukiomboleza: "Lahaula! Huyu umemuua bado ananyonya!" Wenzake wangemcheka mwenye mzigo mpaka njia panda. Hakuna aliyetaka kuchekwa mara ya pili. Masika mawili yakapita, na kingo za msitu zilizokuwa na upara zikaanza kuota nywele. Watoto ndio walioanza kukuita Kata Kavu, kisha mama zao, kisha jumbe mwenyewe. Jina la Mwinshehe likabaki kwangu tu, kwenye orodha ya wafanyakazi.

Bwana Misitu wetu wa wakati ule, yule Mwingereza, alikasirika kwanza, unakumbuka. Sheria haikutaja siku za kuni. Lakini alikuwa mtu wa kwenda kuona mwenyewe, kwa miguu, polepole, chini ya kofia yake kubwa iliyomfunika mpaka mabegani, ndiyo maana mkamwita Bwana Kobe, mbali na masikio yake. Aliutembea mpaka wote. Akagonga mwenyewe kwa fimbo. Akarudi akasema, "Tuache hivi hivi." Ulimpenda kwa neno hilo, nami pia. Na aliandika kwenye faili, kwa Kiingereza, sentensi moja ambayo ndiyo mama wa mambo yote ninayokusimulia: kwamba Kata Kavu ameuponya msitu ule kuliko sheria zote. Hakueleza Kata Kavu ni nani. Nadhani hakufikiri kwamba yuko mtu asiyejua.

Sasa sikiliza.

Bwana Kobe alistaafu akarudi kwao, na mwaka huu ikaja barua kwamba amefariki. Mungu amweke pema. Aliyeshika nafasi yake ni kijana mwenye miwani, anasema Kiswahili cha kitabuni, safi kama sahani isiyopata kuliwa chakula. Huyo kijana akaamua mwenzake akumbukwe kwa mabamba mawili ya shaba. Moja la Kiingereza, lenye jina lake kamili, ukutani ofisini mjini. La pili la Kiswahili, msituni Pugu, na hilo, akasema, liwe na lile jina walilompa wananchi, ili walione ni lao.

Akanigeukia. "Karani, wewe umekaa hapa siku nyingi. Watu walimwitaje?"

Mtani wangu, jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Ningesema nini? Ningemwambia Mzungu kijana, anayemlilia mkubwa wake, kwamba watu walimwita Kobe? Nilikohoa. Nikasema nitaulizia. Naye akafungua faili, akapitisha kidole, akaruka kitini kwa furaha: "Ah! Kata Kavu! Alijiandika mwenyewe. Ndiyo desturi yetu, kujifanyia mzaha. Hili ndilo jina lake, sivyo?"

Nikasema, "Ni jina linalojulikana sana, Bwana."

Daftari langu la siku hiyo lina mistari miwili tu. Alhamisi, tarehe 12. Sikusema uongo, na sikusema kweli.

Nilitumwa kupeleka maandishi kwa Fundi Taherali, Bohora mwenye duka la taa na mabati, ambaye huchonga pia herufi kwenye shaba. Alisoma karatasi kwa sauti: "Kata Kavu, aliyeanza kuulinda msitu huu." Akasoma tena. Akainua miwani juu ya paji la uso.

"Mie Kata Kavu namjua," akasema. "Mzee mrefu, kofia ya ukindu. Aliniletea kandili lake kuziba, akanigongea kila bati dukani, anasikiliza, anacheka peke yake. Ndiye huyu?"

Nikamwambia achonge kama ilivyoandikwa.

"Nitachonga. Lakini karani, karatasi ukikosea unafuta. Shaba haifutiki. Nachonga kwa ajili ya nani?"

Nikaaga upesi nikaacha na mwavuli wangu hapo.

Juma zima nilikuwa na kazi moja kichwani. Kwa upande mmoja nilijiambia, nyamaza, Leonsi. Una mke na watoto watatu na kazi yenye kiti. Bamba litasema Kata Kavu, watu watajua wenyewe, Bwana atafurahi kivyake, hakuna atakayeumia. Kwa upande wa pili nilijua vizuri mambo ya faili yalivyo. Mimi ndiye ninayeyatunza. Wale wanaokujua watazeeka, nasi tutazikwa, na siku moja atakuja karani mwingine, atafungua faili, naye atawaambia wajukuu zako kwamba Kata Kavu alikuwa Mwingereza. Na wajukuu zako wataamini, kwa sababu imeandikwa. Hapo ungekuwa umezikwa mara mbili, na mara zote mbili mtani wako amesimama ukingoni.

Sikuwa na ushujaa, lakini nilikuwa na hila moja ndogo. Bwana aliniachia mimi nipange siku ya kulifungua bamba. Nikapanga Alhamisi.

Basi njoo uone Alhamisi hiyo. Jiwe limefunikwa kaniki. Bwana na mkewe wameketi kwenye viti vya stesheni. Jumbe amevaa joho. Na wanawake wa kuni wote wapo, mizigo imewekwa chini mstari mmoja kama mabehewa, wamekuja kwa sababu ni siku yao na kwa sababu wamesikia kuna chai. Bi Mwanahawa yumo katikati, na mzigo wake, hakunisalimu.

Kaniki ikavutwa. Jumbe akasogeza uso karibu na shaba, akasoma herufi kwa herufi, na alipofika mwisho akairudia kwa sauti ya adhana: "KATA KAVU! ALIYEANZA KUULINDA MSITU HUU!"

Kisha Bi Mwanahawa akapiga kigelegele kimoja, kirefu, chembamba, nywele zikanisimama. Wengine wakakidaka. Mmoja akachomoa ukuni mzigoni akaugonga na wa mwenzake, ko! Na wote wakaanza, ko, ko, ko, wanawake wazima wanacheza na kuni zao, mmoja anaimba "Pita mama, pita mama!" Mke wa Bwana akapiga makofi. Bwana mwenyewe akavua miwani akaifuta.

Akasimama kuhutubia. "Huyu Kata Kavu alikuwa baba wa msitu huu."

"Kweli!" wakaitikia.

"Aliwapenda ninyi."

"Kweli kabisa!"

"Hata alipokuwa amechoka, alitembea."

"Alitembea, maskini!"

"Na sasa amelala katika nchi yake, Uingereza, penye baridi."

Kuni zikanyamaza.

"Uingereza?" akauliza bibi mmoja wa nyuma, yule mwenye sikio bovu, kwa sauti ya mtu asiyesikia ukubwa wa sauti yake. "Kahamishwa lini? Sie si tulimzika hapo chini?"

Hakuna aliyecheka. Wote wakageuka, jumbe naye akageuka, wakanitazama mimi, vile vile walivyonitazama siku ile mvua ilipoacha. Bi Mwanahawa naye akanitazama.

Nikavua viatu. Sijui kwa nini viatu, labda kwa sababu haingii mtu kaburini na viatu. Nikatembea mpaka kwenye jiwe, nikajitupa chini mbele yake, chali, mikono nimeitanua, na ikanitoka sauti ambayo sikujua ninayo:

"Hapiti mtu! Hapasogei mtu! Huyu aliyeandikwa hapa ni mtumwa wangu! Mzaramo mkaidi, mgonga magogo! Alinivua kofia yangu, akanipa mayai manne na mawili yalikuwa viza! Kaondoka bila kuniaga! Hili jiwe nalichukua, nalibeba mpaka Tabora! Akombolewe nani? Mkomboeni yeye!"

Ndiyo, mawili yalikuwa viza. Sikuwahi kukwambia.

Unajua maji yakivunja tuta yanavyokuwa. Ndivyo kilivyokuwa kicheko kile. Bi Mwanahawa akaja akasimama juu yangu, mikono kiunoni. "Eee! Leo ndiyo umefika? Siku ile ulituletea machozi, leo unataka jiwe!"

"Leo nimefika."

"Umechelewa, mlafi we! Chukua nazi."

"Nazi ya Mzaramo? Ina maji tu, kama maneno yake!"

"Chukua mbili."

"Hata kumi!"

"Mpeni kuku huyu atunyamazie!"

"Kuku huyo namjua, ni wa jumbe, mmemwazima!"

Na katikati ya kelele hizo namsikia Bwana anamwuliza jumbe, taratibu, "Karani ni mgonjwa?"

"Hapana, Bwana. Huyu ni mtani. Anamzuia marehemu."

"Marehemu gani?"

"Mwenye jina, Bwana. Kata Kavu."

"Lakini Kata Kavu ni Mwingereza."

Jumbe ni mtu wa adabu, unamjua, hawezi kumwambia mgeni amekosea. Akafikiri kwanza. "Yawezekana, Bwana," akasema. "Ila Mwingereza hana mtani Mnyamwezi."

Nikaona viatu vya Bwana vinakuja. Akachuchumaa kando yangu, uso mwekundu kama udongo uliokuwa mgongoni mwangu. "Karani," akasema, "niambie."

Nikamwambia. Muda wote nikiwa chali, kwa sababu mtani hainuki kabla ya ukombozi, nikimtazama kwa chini, ndani ya pua. Nikamwambia nani alikaa juu ya jiwe hili, nani aligonga, nani alifungua siku za kuni, na nani alikuwa na moyo wa kukubali na kuandika. Nikamwambia kwamba sentensi iliyo katika faili ni ya mtu mkarimu anayemsifu mtu mwingine. Nilikuwa nimeshaanza kuuona mlango wa ofisi kwa nje.

"Kwa nini hukusema ofisini?"

"Kwa sababu, Bwana, ungeniuliza jina ambalo watu walimpa kweli Bwana wa zamani."

"Na lilikuwa lipi?"

Jumbe akatazama mawingu. Wanawake wakatazamana. Ndipo yule bibi mwenye sikio bovu, ambaye safari hii alisikia vizuri sana, akasema, "Kobe! Bwana Kobe!" akajifunika mdomo kwa kanga.

Bwana akainamisha kichwa. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikaomba ardhi inimeze, nami nilikuwa karibu nayo. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kabisa, na suruali yake nayo ikaiva kwa udongo mwekundu. "Kobe," akasema, "ndiye. Ndiye kabisa. Kofia ile." Akamfasiria mkewe, naye akaangua kicheko. Kisha akapangusa macho, akasema kwa kile Kiswahili chake cha kitabuni, "Kobe ni mnyama mwema. Hufika."

Lakini mimi nilikuwa bado nimelala, na mambo yetu yalikuwa hayajaisha. Bi Mwanahawa alikuwa ameacha kubishana. Alikwenda kwenye mzigo wake wa kuni, akalegeza kamba, akachomoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Panga lako. Lile lenye mgongo ulioliwa katikati kwa kugonga. Kumbe hulifunga mzigoni kila siku ya kuni, anatembea nalo, hajamwambia mtu.

Akaliweka juu ya kifua changu. Lilikuwa na joto la jua.

"Nimemkomboa mume wangu," akasema. "Inuka, mtani."

Nikainuka. Nililia, ndiyo, sikatai, ila safari hii hata aliyekuwa akinicheka alikuwa analia, kwa hiyo haikuhesabika.

Sasa yaliyofuata, kwa ufupi, maana naona nimejaza karatasi kama kawaida yangu.

Sikufukuzwa. Asubuhi yake Bwana aliniita, akanipa faili na kalamu yake mwenyewe, akasema andika. Nikaandika chini ya ile sentensi ya Bwana Kobe, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, nikatia tarehe: Kata Kavu ni Mwinshehe bin Kondo, askari wa msitu, Mzaramo wa Pugu. Bwana akatia sahihi. Atakayekuja na asome.

Nikarudi kwa Fundi Taherali kumwomba aongeze jina lako kamili kwenye bamba, nikiwa na wasiwasi kwamba herufi hazitaenea. Akanirudishia mwavuli wangu kwanza. Kisha akaja nami kwa treni mpaka Pugu, na patasi zake mfukoni, akanionyesha kwa kidole sehemu tupu chini ya maandishi, upana wa mstari mmoja. Sikuwa nimeiona. "Mie niliacha nafasi," akasema. "Nilijua utarudi." Alichonga bamba likiwa pale pale kwenye jiwe, na kila nyundo ilipopiga alitega sikio kama ulivyokuwa ukimfanyia dukani.

Na lile bamba la Kiingereza, la ofisini, lina jina zima la Bwana Kobe na vyeo vyake. Ukiinama utaona kwenye pembe ya chini, kimya kimya, kobe mdogo wa ukubwa wa kucha. Bwana ndiye aliyeagiza. Wageni wakiuliza, mimi huwaambia ni alama ya fundi.

Adhabu nilipewa. Bwana alisema karani anayelala kazini hawezi kuachwa hivi hivi. Mpaka apatikane askari mpya wa kufaa, kila Alhamisi natakiwa kwenda Pugu, kukaa juu ya jiwe, na kugonga. Sijapata kumwona mtu akimshukuru mwenziwe kwa adhabu kama nilivyomshukuru.

Alhamisi hii iliyopita ilikuwa ya kwanza. Wanawake wako walikuwa wameniandalia mtego. Mzigo wa Bi Mwanahawa ndio uliotangulia, umefungwa vizuri, kuni nyeupe zimekauka, na yeye uso wake mkavu kuliko kuni. "Gonga, Mpagazi. Au shuleni hawakufundisha?" Ko. Ko. Ko. Nikataka kusema pita mama. Kisha nikakumbuka ulivyokuwa ukipenda kuingiza panga katikati ya mzigo, mahali pa kuficha. Du.

Nikavuta pumzi. "Lahaula!" nikapiga kelele. "Huyu umemuua bado ananyonya!"

Walicheka mpaka msimamizi wa stesheni akatoka nje. Bi Mwanahawa akachomoa kile kijiti kibichi, alikuwa amekiokota chini ya mti ulioangushwa na upepo kwa ajili ya kunijaribu tu, akanirushia. "Haya," akasema. "Sasa Kata Kavu atalala usingizi."

Ahadi yangu ni hii, nami naiandika ili uweze kunisuta nayo. Askari mpya atakapopatikana nitamfundisha kusikiliza kabla sijamfundisha kuandika. Panga lako sitalinoa upande wa mgongo wala kumwazima mtu. Na siku yangu ikifika, nimeshamwambia mke wangu, asiniruhusu nizikwe upesi upesi kama karani: atume habari Pugu, waje Wazaramo wanizuie mlangoni, waseme mabaya yangu yote. Wana mengi. Wewe unayo zaidi, lakini hayo utanipa mwenyewe.

Lala salama, mtumwa wangu, mtani wangu, mzee wangu. Nimekuaga sasa. Siku ile sikuwa nimekuaga.

Kabla ya kurudi stesheni Alhamisi ile, wanawake wameshatangulia na mizigo yao, nilisimama peke yangu mbele ya bamba. Nikageuza panga. Nikasema, "Shikamoo, Mzee," nikagonga shaba kwa mgongo wake, pole pole, mara moja.

Ukaitika.

Wako Mpagazi,
Leonsi